Unga Kabla ya Maswali

Mimi nikiogopa, nacheka. Si kile kicheko cha kufunika meno kwa kiganja, hapana. Ni kicheko cha tumbo, cha machozi, cha kushika ukuta. Nilicheka siku nyoka alipoingia chini ya mkeka wetu kule Luberizi. Nilicheka mbele ya askari wa kizuizi aliyeniomba kitambulisho, naye akataka kujua ni kitu gani hasa usoni pake kinanichekesha. Nilicheka katikati ya mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, msimamizi akaja mbio kunikagua mifuko akidhani nimeficha majibu. Mama anasema nilizaliwa hivyo, kwamba mkunga alinipiga kibao ili nilie, na mimi nikatoa sauti ambayo hakuna mtu aliyeielewa. Mama hutia chumvi, lakini hapo simbishii.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anasimama mbele ya juri ya walimu wakubwa kutetea kazi yake ya mwisho wa masomo, huku kundi zima la wapanda mpunga limekaa nyuma yake. Mpaka leo nikipita karibu na jengo lile la chuo pale Uvira, mbavu zinaniuma.

Wazazi wangu ni watu wa ng'ambo. Walivuka mto Ruzizi kutoka Burundi wakiwa vijana, wamefunga ndoa juzi tu, waje wafanye msimu mmoja wa kupanda mpunga katika mashamba ya watu halafu warudi kwao. Msimu huo mmoja haujaisha hadi leo. Tulizaliwa watoto sita humo humo ndani yake. Hatukuwa na shamba hata la kutandika mkeka. Tulichokuwa nacho ni kundi. Kundi ni watu wa ng'ambo wenzao, wanaume kwa wanawake, wanaokwenda kibarua pamoja: wanaingia katika maji kwa mstari mmoja, wameinama, wanarudi kinyumenyume wakichomeka miche, na mama mmoja mwenye koo la ajabu anawaimbisha ili mtu asibaki nyuma. Yule mama tulimwita Mwimbishaji, wakubwa kwa wadogo, na sidhani kama mume wake mwenyewe alimwita jina jingine.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa ndege. Mpunga ukianza kutoa masuke, wale ndege wadogo wanashuka kwa maelfu, na mtoto wa kibarua anasimama kwenye tuta tangu alfajiri akipiga makopo, akirusha tope, akipayuka. Nilipayuka utoto wangu wote. Sauti niliyo nayo sasa niliipata pale. Hata nikinong'ona kanisani, watu wa benchi la mbele wanageuka.

Kwa baba shule ilikuwa kama maji ya mfereji: yanaingia shamba hili kwanza, likishiba unafungua upande wa pili. Hakuweza kusomesha wawili chuoni kwa pamoja, na hakujaribu kutudanganya. Tulisoma kwa zamu. Mimi mkubwa nilitangulia, nikapata kachumba mjini, mtaa wa Songo, kwa mjane mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, na kila nguo yangu ikanuka ndagala mpaka wanafunzi wenzangu wakawa wanajua nimefika kabla sijaingia mlangoni. Mdogo wangu wa kike alikuwa ananifuata. Naye alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wa Serikali, vizuri kuliko mimi, na sasa alikuwa amekaa Luberizi anafukuza ndege huku anangoja nimalize. Kila Jumapili alinipigia simu, akiniita Yaya, dada mkubwa.

"Yaya, unamaliza lini?"

"Karibu."

"Karibu ya wapi? Ya hapa ama ya Kinshasa?"

Alikuwa anatania, lakini hakuwa anatania. Ningefaulu kutetea kazi yangu siku ile, yeye angejiandikisha mwaka uleule. Ningeshindwa, au wangeniahirisha, ningerudi mwaka unaofuata kuitetea upya, na yeye angekaa tena na makopo yake juu ya tuta. Wasichana wengi aliosoma nao walikuwa wamekwisha olewa. Wachumba walikuwa wanakuja nyumbani, wanakunywa maji, wanamwangalia. Kwa hiyo nilipokuwa nasema naogopa siku ya utetezi, sikuwa naogopa kwa ajili yangu peke yangu.

Kwa ambaye hajawahi kuona, utetezi kwetu Uvira ni nusu mtihani na nusu harusi. Mwanafunzi anasoma muhtasari wa kazi yake kwa Kifaransa. Juri inamuuliza maswali. Halafu juri inatoka kwenda kujadiliana, inarudi, inatangaza. Akitangazwa amefaulu, hapo ndipo ndugu wanamrukia, vigelegele, maua ya plastiki, picha, na ile poda nyeupe ya watoto wachanga anayomwagiwa kichwani mpaka afanane na mzimu. Poda ndiyo cheti cha kwanza. Ukirudi mtaani mweupe, hakuna anayekuuliza kama umefaulu.

Kule kwenye mpunga walikuwa wameiona poda mara moja, siku matokeo ya mdogo wangu yalipoingia kwenye simu. Simu ililia, wakamwaga, basi. Mwimbishaji akawa ndiye mtaalamu wao wa mambo ya shule. Na katika mashamba yetu kuna desturi moja ambayo kila kibarua anaijua: siku ya mavuno, mganda wa mwisho ukishakatwa, mwenye shamba anasimama kwenye tuta na kusema aksanti. Ile aksanti ndiyo kengele. Kabla yake hata ukichoka hunyanyui mgongo. Ikisemwa tu, kazi imekwisha, kundi linapiga ukelele, na makapi ya mpunga yanarushwa juu mpaka watu hawaonani.

Siku ile walifika asubuhi juu ya lori la magunia ya mpunga linaloshuka mjini. Nilikuwa nimesimama mbele ya chuo nikirudia sentensi zangu, nimevaa koti jeusi nililoazima kwa rafiki, jeusi tititi, lililopigwa pasi mpaka linakata. Lori likasimama. Wakashuka. Wakaendelea kushuka. Nilitegemea baba na mama na labda wawili wengine. Lilikuja kundi zima, hadi watoto wadogo! Wanawake wote wamevaa kitenge kimoja, cha njano chenye kuku wakubwa wa kijani, kwa hiyo ukiwaangalia kwa mbali ungesema banda la kuku limefunguliwa. Baba alikuwa amevaa kofia na koti la mtu mrefu kuliko yeye. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa, na kamba za viatu zilikuwa za rangi mbili.

"Mwana wanje!" mama alilia, akanikumbatia, akanirudisha nyuma kwa mikono miwili aniangalie. "Weye iko mwembamba sana. Hao walimu wanakula chakula chako?"

"Mama, mumekuja wote? Na shamba?"

"Shamba linaenda wapi?" Mwimbishaji alidakia. "Mpunga hauna miguu."

Alikuwa amebeba beseni kubwa limefungwa kwa kitenge. Nikadhani ni zawadi, au unga wa kupikia bugali wa wageni. Mdogo wangu hakuwa pamoja nao. Yeye alikuwa nyuma na pikipiki, analeta sufuria za sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na samaki, maana lori lilikataa kubeba vitu vyenye mchuzi. Ningekuwa na akili zangu ningelitilia shaka beseni lile, lakini kicheko kilikuwa kimeanza kunipanda, na ninyi mnajua sasa maana yake. Nilikuwa nauma ulimi nisicheke.

Ukumbi ulikuwa mdogo. Wanafunzi wenzangu walikaa upande mmoja, kundi likajaza upande wa pili, wamenyooka kama watu wa kupigwa picha, mikono juu ya magoti. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa na nyuma yake juri. Prezida wa juri alikuwa mzee mkali sana, mwenye suruali ya bluu nzito yenye mkunjo ulionyooka kuliko maisha yangu. Inasemwa aliwahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu ya kutafuna. Kulia kwake alikaa mwalimu mmoja mnene, mpole, mwenye kitambaa cha pua mkononi tangu alipoingia. Kushoto alikaa mama aliyeongoza kazi yangu, ambaye alinikonyeza mara moja tu halafu akajifanya hanijui.

Kazi yangu ilihusu ndege wanaokula mpunga. Ningeandika juu ya nini kingine? Nilisoma. Kifaransa kilitoka vizuri, grafu zilionekana ukutani, sauti yangu ya kufukuza ndege ilijaza ukumbi bila mikrofoni. Baba hajui Kifaransa, lakini kila nilipotaja Luberizi alitikisa kichwa kwa nguvu, kama shahidi. Nilifika ukurasa wa mwisho. Sikuwa nimecheka hata kidogo. Nilijisifu moyoni. Nikainua kichwa nikaiangalia juri, nikasema lile neno ambalo kila mwanafunzi analisema akimaliza kusoma.

"Merci."

Kifaransa kingine kiliwapita watu wa kundi, lakini merci wanaijua. Wenye mashamba wa siku hizi wanasema merci mahali pa aksanti.

Nilisikia kwanza ukelele. Ukelele wa mavuno, ule wenyewe, uliotoka vifuani kwa watu wote kwa pamoja. Halafu nikamwona Mwimbishaji akija, na beseni liko wazi, na ndani ya beseni ule haukuwa unga wa bugali wa wageni, ulikuwa unga wa muhogo wa kunimaliza mimi. Baadaye mama aliniambia walikwenda kuuliza poda dukani, wakaonyeshwa kale kakopo, wakacheka. Mtoto wa kundi zima anamwagiwa kakopo? Kila mmoja akaleta kikombe chake cha unga kutoka nyumbani.

Mawe weee! Walinimwagia. Walinimwagia kichwani, mabegani, ndani ya kola. Unga uliingia puani, masikioni, kwenye koti la kuazima. Wale waliokosa nafasi ya kunifikia walirusha juu tu, kama makapi, ukashuka polepole juu ya kila kitu: juu ya mashine ya kuonyesha picha, juu ya glasi za maji za juri, juu ya upara wa prezida. Mwimbishaji akaanza wimbo. Mama alikuwa anacheza kinyumenyume kama kwenye mstari wa kupanda, huku kuku wake wa kijani wakirukaruka. Na baba yangu, mtu asiyesema maneno kumi kwa siku, alikuja akaninyanyua juu, akashindwa, akanishusha, akanyanyua tena.

Mwalimu mnene akapiga chafya. Akapiga nyingine. Kila chafya ilifanya wingu jipya juu ya meza.

"Silence!" Prezida alipiga meza kwa kiganja, unga ukaruka. "Ni nini hii? Hawa ni watu gani?"

Wimbo ukakatika. Nikageuka kumjibu. Niliona nyusi zake, zote mbili nyeupe, zimesimama. Basi. Nilikwisha.

"Ni... ni wazazi wangu," nilisema, na kicheko kikatoka. Nilijaribu kukimeza, kikapitia puani pamoja na unga. "Prezida, ni wazazi... na kundi... wao wali... wanafikiri nimemaliza..." Sikuweza. Nilishika meza. Machozi yalikuwa yananitiririka na kutengeneza uji mashavuni. Wanafunzi wenzangu walikuwa wameinamisha vichwa chini ya viti, migongo inatikisika.

"Na weye unacheka?"

"Ninaogopa, Prezida!"

"Unaogopa?" Alinyanyuka. "Watoke wote. Na kazi hii tunaahirisha. Utarudi mwaka ujao, na nidhamu."

Mwaka ujao. Nilipoinua macho nikamwona mdogo wangu mlangoni. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, sufuria kichwani, nyingine mkononi, vumbi la njia nzima usoni. Alikuwa amesikia hilo neno moja. Sufuria ya mkononi aliiweka chini taratibu sana.

Na kundi langu lilikuwa limekwisha elewa. Hawakuhitaji kuelezwa. Mtu akinyoosha kidole mlangoni, watu wetu hawaulizi kwa nini. Nilishangaa jinsi walivyofanya haraka: beseni likafungwa, watoto wakashikwa mkono, mama akawa anafuta meza ya juri kwa pembe ya kitenge chake huku anarudi nyuma. Baba alivua kofia.

"Mukubwa, ni siye tumekosa," alisema. "Mutoto hana kosa. Siye tunatoka. Yeye mumuache."

Akainama. Unga ukamdondoka mabegani. Na wakaanza kutoka, kwa mstari.

Hapo kicheko kiliniisha chote. Nilisikia hasira, hasira nzuri, ya moto, ile inayompata mtoto aliyefukuza ndege kutwa nzima halafu akaambiwa hajafanya kitu. Nilisimama wima na uji wangu usoni.

"Prezida, niulizeni," nilisema. "Niko tayari. Niulizeni hivi hivi nilivyo. Minye ninajua kazi yangu. Na hawa wabaki, kwa sababu wamefunga safari kuja kunisikia, na hawajasikia maswali bado."

Nilitumia ile sauti ya tuta. Nafikiri ilisikika mpaka ziwani. Mama aliyeongoza kazi yangu akakohoa kidogo na kuvua miwani yake, ambayo kwa unga ilikuwa haioni kitu.

"Prezida," alisema kwa upole, akiipuliza, "kanuni zetu zinasema mwanafunzi akimaliza kusoma anaulizwa maswali. Juu ya unga hazisemi chochote."

Mwalimu mnene alitaka kukubaliana naye, akafungua mdomo, akapiga chafya kubwa kuliko zote. Karatasi zikaondoka mezani. Nilimwangalia prezida mdomoni, na naapa mbele ya Mungu, pembe moja ya mdomo ule ilitikisika. Akaikamata haraka.

"Wakae," alisema. "Lakini nikisikia sauti moja, moja tu, hata ya kikohozi, ninafunga."

Wakarudi. Wakakaa. Sijawahi kuona watu wamekaa kimya namna ile. Mwimbishaji aliziba mdomo kwa mikono miwili, mmoja juu ya mwingine.

Waliniuliza kwa muda mrefu. Kila nikitikisa kichwa unga uliporomoka, kila nikijibu pumzi yangu ilitoa moshi. Waliuliza kwa nini nilichagua mashamba yale na si mengine, wakauliza juu ya jedwali moja ambalo kweli lilikuwa baya, nikakubali kwamba ni baya nikawaambia ningelifanyaje upya. Nilijibu kama mtu anayekimbia mteremko, miguu inakwenda yenyewe. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Ungeniuliza jambo lolote saa ile, hata la madaktari, ningejaribu.

Swali la mwisho lilikuwa la prezida.

"Mademoiselle, unatuambia kufukuza, kufukuza. Ndege uliowafukuza hapa wanaenda wapi?"

"Wanaenda shamba ambalo halina mtu, Prezida. Ndiyo maana ninapendekeza majirani wapande siku moja na walinde pamoja. Ukilinda peke yako, unamletea jirani tu."

"Na usiku?"

"Usiku wanavuka Ruzizi, wanalala ng'ambo kwenye matete. Asubuhi wanarudi. Hawaombi ruhusa ya mtu."

Wanafunzi wakacheka. Kundi halikucheka, maana lilikatazwa. Prezida aliandika kitu, akapangusa karatasi, akaandika tena. Halafu juri ikatoka kwenda kujadiliana, ikiacha nyayo nyeupe sakafuni.

Tulingoja. Nilimwendea mdogo wangu ukutani. Alichukua pembe ya kitenge akanifuta kope, jicho moja halafu la pili.

"Yaya," alisema, "niambie tu. Nianze kununua madaftari, ama nirudi kwa ndege zangu?"

"Sijui."

"Umejibu vizuri?"

"Umesikia mwenyewe."

"Minye nilikuwa nasikia moyo wangu tu," alisema, na tukaangaliana, na tukaanza kucheka sote wawili, kimyakimya, tumeshikana mabega, mpaka ilituuma.

Juri ilirudi. Prezida alikuwa amepangusa upara lakini amesahau nyusi. Mwalimu mnene, ambaye ndiye katibu wa juri, alisimama kusoma, Kifaransa kile kirefu cha tangazo chenye kuzingatia hiki na kuzingatia kile. Halafu akalisoma. Nimefaulu. Avec distinction, alama za juu.

Upande wa wanafunzi ukalipuka! Vigelegele, viti vinaanguka, rafiki mwenye koti ananiruka shingoni, amesahau koti. Nilikuwa napiga kelele pia, sijui nilisema nini. Na katikati ya kelele hizo nikasikia kimya cha upande wa pili.

Walikuwa wamekaa vilevile. Wote. Mikono juu ya magoti. Mama alikuwa ananiangalia kwa macho yaliyojaa maji, midomo ameibana mpaka imekuwa myembamba. Mwimbishaji bado alikuwa ameziba mdomo. Waliona watu wanaruka, waliona mimi nalia, na hawakuthubutu kujua.

Nilishuka nikapiga magoti mbele yao, unga na vyote.

"Nimefaulu," niliwaambia kwa Kirundi, kisha nikarudia kwa Kiswahili. "Mama, nimefaulu. Papa, imekwisha kweli."

"Kweli kweli?" mama alinong'ona.

"Kweli kweli."

Baba aliinama karibu na sikio langu. "Na tukipiga kelele sasa," aliuliza taratibu, "hawatatufukuza?"

"Hapana, Papa. Hawatufukuzi."

Alivuta pumzi. Nadhani mji mzima wa Uvira ulisikia kilichofuata. Mwimbishaji aliondoa mikono mdomoni, na yale yote aliyoyazuia yalitoka, na kundi likamwitikia, na safari hii mwalimu mnene alikuwa anapiga makofi na kupiga chafya kwa zamu. Mama alinishika uso mbele ya watu wote akaubusu pale palipokuwa na uji mwingi zaidi.

Baba hakuimba. Alivaa kofia yake vizuri, akamshika mdogo wangu mkono, akavuka naye ukumbi hadi meza ya juri, ambapo prezida alikuwa anakusanya karatasi zake. Nilikwenda nyuma yao mbio, nimeogopa upya. Baba alisimama wima, akamsogeza binti yake mbele kidogo kwa kiganja mgongoni.

"Mukubwa," alisema, "huyu anakuja mwaka huu. Na nyumbani tuko na wengine wanne. Mutuzoee."